Vitabu vitatu nimeviacha katikati na bado nakunywa: nisome kipi?

SWALI: "Shikamoo mshauri. Nina miaka 38, nina mke na watoto wawili. Nimekunywa kila jioni kwa miaka tisa sasa na nataka kuacha. Kwenda kukaa mbele za watu nikaeleze habari zangu siwezi, angalau kwa sasa. Nimenunua vitabu vitatu vya kuacha pombe. Vyote nimeviacha katikati, na kimoja nilikuwa nakisoma huku nakunywa. Nimevificha kabatini chini ya nguo ili mke wangu asivione. Je, kuna kitabu kitakachonisaidia kweli, au vitabu haviwezi kazi hii?"

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Vitabu vinaweza kazi hii, na nitakueleza kwa nini nasema hivyo bila wasiwasi. Ila kwanza nianze na jambo ambalo hukuliuliza, maana nikilipita sitakuwa nimekutendea haki.

Asubuhi ukiamka, kabla hujagusa kitu chochote, mikono inatetemeka? Unatoka jasho, moyo unakwenda mbio, na dalili hizo zinatulia ukipata funda moja? Umewahi kukaa siku bila pombe ukapata degedege, au ukaona na kusikia vitu ambavyo wenzako hawavioni? Kama jibu ni ndiyo hata kwa swali moja tu, usiache ghafla peke yako kwa sababu kitabu kimekutia moyo. Mwone daktari kwanza. Pombe hutuliza ubongo, na ubongo uliotulizwa kila siku kwa miaka hujifunza kukanyaga mafuta muda wote ili ushindane na hiyo breki. Breki ikiondolewa ghafla, mguu bado uko kwenye mafuta. Kutetemeka huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho, degedege laweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuweweseka kule kwa hatari, mtu hajui alipo wala anaongea na nani, huja kati ya siku ya pili na ya nne. Hali hiyo inaua. Hospitalini inazuilika kwa dawa za siku chache na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi wamepungukiwa bila kujua.

Kama huna uhakika umesimama wapi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1989 dodoso fupi la maswali 10 linaloitwa AUDIT. Linajibika kwa dakika chache. Alama 8 kwenda juu ni ishara kwamba unywaji wako umeshakuwa wa hatari. Ukipata 20 au zaidi, anza kwa daktari, vitabu vitafuata.

Sasa turudi kwenye vitabu. Mwanasaikolojia wa Marekani, William R. Miller, alikuwa akiwafundisha watu wenye shida ya pombe namna ya kudhibiti unywaji wao. Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 yeye na wenzake wakajaribu kitu kilichoonekana kama mzaha: kundi moja walilihudumia ana kwa ana, wiki baada ya wiki, na kundi jingine wakalipa kijitabu chenye mafunzo yale yale, likaenda kujisomea nyumbani. Matokeo yalikaribiana. Tena wakagundua kitu ambacho mimi, kama mshauri, hunifanya nijiangalie: wateja wa washauri wasiojua kusikiliza walifanya vibaya kuliko hata wale waliopewa kijitabu tu. Mwaka 2003 Miller na mwenzake Timothy Apodaca walikusanya tafiti za aina hiyo wakazipima kwa pamoja. Walioonekana kunufaika zaidi ni watu waliojitafutia msaada wenyewe, bila kusukumwa. Wewe umeandika mwenyewe, vitabu umenunua mwenyewe. Uko kwenye kundi hilo.

Lakini angalia walipewa nini. Walipewa kijitabu cha kazi: leo andika umekunywa glasi ngapi, na nani, saa ngapi, kabla yake ulikuwa unajisikiaje, kesho panga utafanya nini saa hiyo hiyo. Nadhani hapa ndipo ulipokwama. Umesoma vitabu vitatu kama mtu anavyosoma gazeti, macho yanatembea na mikono imekaa. Kuna jambo jingine nimeliona kwa wengi, na nalisema kwa upendo: kununua kitabu kipya kunaleta nafuu ile ile ya kusema "naanza kesho". Moyo unatulia, mtu anaona ameshachukua hatua, na jioni chupa inafunguliwa bila deni. Kitabu kikifika mahali kinapoanza kudai, pale katikati, kinawekwa pembeni na kingine kinatafutwa.

Mteja wangu mmoja alikuja na kitabu chake mkononi ili anionyeshe kwamba amejitahidi. Kurasa arobaini za mwanzo zilikuwa zimechakaa, pembe zimekunjwa, kwenye jalada kuna alama ya duara ya chupa iliyowekwa ikiwa na umande. Kuanzia ukurasa wa arobaini na moja karatasi zilikuwa nyeupe na zimenyooka. Tulipoufungua huo ukurasa tukakuta jedwali tupu lenye mistari saba, mmoja kwa kila siku ya wiki, na maagizo ya kuandika. Nikampa penseli. Alikaa nayo muda mrefu kabla ya kuandika neno la kwanza, na neno hilo lilikuwa "Ijumaa". Kazi yake ilianza siku hiyo.

Kwa hiyo kabla hujanunua cha nne, vitoe hivyo vitatu chini ya nguo. Utafute ulipoachia kila kimoja. Inawezekana kabisa unachokihitaji tayari unacho.

Kama kweli hakuna kinachofaa, basi ujue kwamba vitabu hivi vina koo zake, na kila ukoo una kazi yake.

Kuna vya ushuhuda, mtu anaeleza maisha yake ya ulevi na jinsi alivyotoka. Mfano unaojulikana sana ni Drinking: A Love Story cha Caroline Knapp, kilichotoka mwaka 1996. Knapp alikuwa mwandishi wa habari, kazini hachelewi, makala zake zinatoka kwa wakati, huku jioni zake zimeshamezwa na pombe. Mtu kama wewe, ambaye bila shaka unakwenda kazini na hakuna anayekuita mlevi, atajiona humo. Ukoo huu unaondoa upweke, na hilo si jambo dogo. Hatari yake ni kwamba nusu ya kwanza ya vitabu vingi vya namna hii inaieleza pombe kwa utamu mno, ile baridi ya glasi, ile pumzi ya kwanza. Mtu mwenye hamu akisoma hayo saa kumi na mbili jioni, anaamka kwenda kutafuta. Ukisoma vya ukoo huu, visome asubuhi.

Kuna vya kubadili fikra. Allen Carr, mhasibu Mwingereza aliyeacha sigara mwaka 1983, aliandika kuhusu sigara kwanza, kisha akaielekeza njia yake kwenye pombe. Annie Grace naye alitoa This Naked Mind mwaka 2015. Hoja yao kuu ni kwamba ukiamini pombe inakupa kitu, kuacha kutakuwa kujinyima, na kujinyima kuna mwisho. Kwa hiyo wanaichukua kila faida unayodhani unaipata, usingizi, utulivu, ucheshi, wanaichambua mbele yako mpaka unaona ni pombe yenyewe inayokutibu jeraha iliyokutia. Kwenye usingizi, kwa mfano, wana hoja ya kweli: pombe inakulaza haraka, halafu inauvuruga usingizi wa nusu ya pili ya usiku, ndiyo maana unashtuka saa tisa moyo unadunda. Nawapenda hawa kwa mtu ambaye mwili wake bado haujafungwa na pombe. Kwa aliyefungwa hawatoshi, na baadhi ya vitabu vya ukoo huu huyachukulia mepesi mno mateso ya mwili ya siku za mwanzo.

Kitabu cha Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ni ukoo wa peke yake. Kilichapishwa mwaka 1939, miaka minne baada ya Bill Wilson, mtu wa masoko ya hisa, kukutana na daktari wa upasuaji, Bob Smith, mjini Akron, Ohio, wakagundua kwamba mlevi akiongea na mlevi mwenzake siku inapita bila kunywa. Kimetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 70. Sehemu yake ya mafundisho imebaki karibu ile ile tangu mwanzo, na inayobadilika toleo hadi toleo ni simulizi za nyuma. Nikuambie ukweli: lugha yake ni ya zamani, kinamtaja Mungu mara nyingi, na kimeandikwa kana kwamba wanywaji wote ni wanaume. Hata sura inayozungumza na wake za walevi aliiandika Bill mwenyewe, ilhali mkewe, Lois, alikuwapo na alikuwa na ya kusema. Pamoja na hayo kimeshika mikono ya watu wengi mno, na mimi sikidharau. Ila kiliandikwa ili kisomwe pamoja na wenzako, na wewe umesema kukaa na watu bado.

Ndiyo maana kwako ningeanza na kidogo chao kingine, Living Sober, cha mwaka 1975. Hakina habari nyingi za kiroho. Ni mkusanyiko wa mambo ambayo watu waliokwisha kuacha waliyaona yanafaa, sura fupi fupi, unaweza kukifungua popote. Usiape kuacha maisha yote, pitisha saa 24. Ile glasi ya kwanza ndiyo ya kuikwepa, hizo nyingine zitajikwepa zenyewe. Hamu ikipanda, kula au kunywa kitu kitamu. Ushauri huu wa mwisho watu huucheka, lakini mara nyingi kinachoitwa kiu ya pombe jioni ni njaa iliyochanganyika na uchovu. Ufupi wa sura nao una maana yake: wiki za kwanza bila pombe akili haitulii, unasoma ukurasa mara mbili na hukumbuki kitu. Hujawa mjinga, ubongo unajipanga upya. Kitabu kinene kitakukatisha tamaa wakati huo.

Pamoja nacho tafuta kitabu kimoja cha mazoezi, ukoo ule wa kijitabu cha Miller. Hivi vimetokana na tiba ya kubadili mawazo na mienendo, na utavitambua kwa kuvifungua tu: vina nafasi za kuandika. Vingi vyao vimechota kwa Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, aliyetumia miaka mingi kuchunguza kwa nini watu hurudia. Vitu viwili vyake vinanisaidia kila siku kazini. Cha kwanza ni kuitazama hamu kama wimbi. Hamu haiendelei kupanda mpaka ikupasue. Inapanda, inafika kilele, inashuka, hata usipoipa kitu. Kazi yako ni kuisikiliza ilivyo mwilini, kifuani, kooni, kwenye viganja, mpaka ipite. Cha pili ni kile kinachomtokea mtu baada ya kuteleza: ameonja glasi moja, anasema "nimeshaharibu", anamaliza chupa. Marlatt alionyesha kwamba kauli hiyo ndiyo inayogeuza kuteleza kuwa kuanguka. Kitabu chochote kisichokuambia ufanye nini siku utakayoteleza kimeacha sura muhimu kuliko zote.

Kuhusu kuvikagua kabla hujatoa pesa: soma ukurasa unaoeleza mwandishi ni nani, kisha tafuta humo ndani mahali panapotaja kutetemeka, degedege na daktari. Kisipotaja kabisa, kirudishe. Kinachoahidi siku saba au kukuponya bila kujitahidi, kirudishe. Kinachokuelekeza kila baada ya kurasa chache kwenye dawa au kozi anayoiuza mwandishi mwenyewe, kirudishe pia. Na ukikuta maandishi yanayomfundisha mtu kumwekea mlevi dawa kwenye chakula kwa siri, hayo yachukie kabisa. Dawa kama disulfiramu humfanya anayekunywa augue vibaya, mapigo ya moyo na presha vikavurugika, na mtu asiyejua amepewa nini hawezi kujilinda. Dawa zipo na zinasaidia, hiyo na naltreksoni na akamprosati, lakini hizo ni mazungumzo yako na daktari, uso kwa uso.

Soma kwa lugha unayoota nayo. Hivi nilivyovitaja viliandikwa kwa Kiingereza. Kama Kiingereza chako ni cha kazini tu, utaelewa maneno na moyo hautaguswa. Bora kijitabu chembamba kwa lugha yako kuliko kinene kinachosifiwa. Na kama kusoma kunakuchosha, vingi vipo vya kusikiliza.

Sasa namna ya kusoma, ambako kwangu kuna uzito kuliko jina la kitabu. Kisome saa ile unayokunywa. Umesema ni jioni. Basi muda ule unaofungua chupa, kaa na kitabu, penseli na kitu cha kunywa kisicho kileo, mahali tofauti na pale unapokunywea. Kurasa kumi zinatosha. Kila sentensi inayokuchoma, pigia mstari, na pembeni andika siku iliyokutokea: "harusini", "nilipogombana na bosi", "bila sababu". Swali lililowekwa lijibu hata kwa neno moja. Ukishalewa usisome, kwa sababu utakachokisoma usiku hutakuwa nacho asubuhi, na utadhani umeshakimaliza. Kitabu kikiisha, kirudie hicho hicho. Mara ya pili utapigia mistari mahali pengine kabisa, utajionea.

Lipo pia suala la kabati. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi sikulazimishi umweleze mkeo yote. Lakini mtu anayeishi nawe miaka yote hiyo anajua kwamba unakunywa. Asichokijua ni kwamba unataka kuacha, na hiyo ndiyo habari unayomnyima. Chagua aya moja uliyoipigia mstari, umpe aisome, useme "hapa ni mimi", basi. Huna haja ya hotuba. Naye akitaka chake cha kusoma, kuna Get Your Loved One Sober cha Robert Meyers na Brenda Wolfe, cha mwaka 2004. Kinamfundisha mwenza kuacha kugombana na mtu aliyelewa, kuzipa uzito jioni ambazo hakunywa, na kujitunza yeye mwenyewe. Njia hiyo ilipimwa katika utafiti uliotoka mwaka 1999: asilimia 64 ya wanywaji waliokuwa wamekataa tiba waliingia kwenye tiba baada ya ndugu zao kufundishwa, wakati kwa kundi la ndugu walioandaliwa kumkabili mnywaji kwa kikao cha kumshtukiza ilikuwa asilimia 30. Upole wa nyumbani una nguvu kuliko mashambulizi, na hiyo ni hesabu iliyopimwa.

Ukisoma hivi, ukaandika, na baada ya wiki nne au sita bado jioni zako ni zile zile, hutakuwa umeshindwa. Itakuwa ni taarifa kwamba unahitaji mtu pamoja na kitabu. Mtu huyo si lazima awe kundi zima, anaweza kuwa mshauri mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Mchukulie na kitabu chako chenye maandishi ya penseli, kitamweleza mengi ambayo ulimi wako utakwama kuyatoa.

Leo jioni vitoe vile vitatu. Jibu yale maswali 10. Kama mwili wako haukukatazi, chagua kimoja, fungua pale ulipoachia, na uniandikie baada ya wiki mbili: kilikuwa ukurasa wa ngapi, na ulikuwa unakuuliza nini?